Kilatini, Kiarabu au kompyuta: ratiba ya sekondari za Kigoma na Tabora ibebe nini

Bodi za shule zinapokaa kupanga masomo ya hiari, mabishano huwa yale yale. Upande mmoja wanataka watoto wapewe kompyuta kwa sababu dunia imehamia huko. Upande wa pili, hasa kwenye shule zilizolelewa na misheni au zilizo jirani na madrasa, wanasema Kilatini na Kiarabu ndivyo vilivyowajenga wazee wetu, na mtoto aliyepikwa humo hashindwi na somo lolote. Mabishano hayo yanahusu hadhi. Kinachoamua kweli kama somo litasimama au litaanguka ni vitu vitatu: mwalimu aliyepo, saa zilizopo kwenye ratiba, na umeme.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kompyuta iwe somo la kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Kiarabu au Kilatini kibaki somo la hiari, pale tu ambapo mwalimu wake yupo tayari shuleni. Na pale ambapo lugha ya kale na kompyuta vinaweza kukutana kwenye kazi moja, vikutanishwe. Mikoa yetu miwili ina kazi ya namna hiyo, nitaifikia.

Kwanza tuiweke pembeni hoja ya kunoa akili, maana ndiyo inayopotosha vikao. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alitoa matokeo ya kuwapima maelfu ya wanafunzi wa sekondari mwanzoni na mwishoni mwa mwaka wa masomo, akalinganisha maendeleo yao na masomo waliyochukua. Kilatini hakikunoa akili kwa ujumla kuliko masomo mengine kwa kiasi cha kujivunia. Wanafunzi wake walionekana wakali kwa sababu waliingia darasani wakiwa wakali tayari. Mwaka 2003 Ludwig Haag na Elsbeth Stern wakachapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Ujerumani walioanza Kihispania, baadhi wakiwa wamesoma Kilatini kabla, wengine Kifaransa. Waliotoka kwenye Kifaransa ndio waliofanya makosa machache ya sarufi.

Kompyuta nayo haikusalimika. Miaka ya 1980 Roy Pea na Midian Kurland, wakiwa New York, waliwapima watoto waliofundishwa kuandika programu kwa lugha iitwayo Logo, wakakuta hawapangi kazi nyingine vizuri kuliko wenzao ambao hawakuigusa. Tafiti za baadaye zimeleta majibu yenye matumaini zaidi, hasa kwa ujuzi ulio karibu na uandishi wa programu wenyewe. Kwa hiyo mwalimu asiuze somo lake kwa ahadi ya kumfanya mtoto awe na akili kwa kila kitu. Kilatini kifundishwe ili mtoto asome Kilatini, na kompyuta ifundishwe ili mtoto aweze kuitumikisha mashine. Faida hizo zinatosha kulitetea somo.

Na faida za lugha za kale huku kwetu zipo. Kijana anayetoka seminari ndogo ya Itaga na kutarajia kuendelea seminari kuu ya Kipalapala atakikuta Kilatini mbele ya safari. Kijana wa Ujiji au Tabora mjini anayetaka kusoma fiqhi (sheria ya Kiislamu) au tafsiri ya Kurani hana njia ya kukikwepa Kiarabu. Hawa si wengi kwenye shule ya kata, lakini wapo, na kuwaambia lugha yao imekufa ni kukosea.

Sasa saa. Kipindi ni dakika 40. Ukitoa wiki za mitihani, michezo ya UMISSETA, mahafali na mvua inayofunga barabara, panga kwa wiki 34 za kufundisha kweli kwa mwaka. Vipindi viwili kwa wiki ni saa 45 kwa mwaka, na miaka minne, ukikumbuka kwamba kidato cha nne kinaishia Oktoba, ni kama saa 170. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hutenga saa 2,200 za darasani kwa Kiarabu. Kwa hiyo mzazi asiahidiwe kwamba mtoto atazungumza. Anachoweza kuahidiwa ni kusoma maandishi yenye alama za irabu kwa msaada wa kamusi, na hapo mtoto wa Ujiji ambaye herufi 28 alizimaliza madrasa akiwa mdogo ameokoa muhula mzima.

Kilatini kinaharibiwa na kukaririsha. Mwalimu anajaza ubao makundi matano ya nomino na viishio vyake vyote, wiki kumi zinapita, mtoto hajasoma sentensi hata moja. Njia inayofaa ni kuanza na viishio viwili tu, cha mtenda na cha mtendwa, na maneno 40, na kila kipindi wasome kifungu kifupi. *Puer canem videt* ni mvulana anamwona mbwa. *Puerum canis videt*, maneno yamekaa mpangilio ule ule, lakini sasa mbwa ndiye anayemwona mvulana. Mwanafunzi wa Kiswahili ana mtaji hapa: upatanisho wa ngeli anaufanya tangu utotoni bila kufikiri, tofauti ni kwamba sisi tunaupachika mbele na Kilatini kinaupachika nyuma. Mwalimu aanzie hapo. Jambo la pili linaloharibu ni vitabu kuwa vya Kiingereza, mtoto akawa anatafsiri mara mbili. Maana ya kila neno iandikwe kwa Kiswahili daftarini siku ile ile linapofundishwa.

Gharama za somo hili ni ndogo mno: mwalimu, ubao, na kamusi tano za kushirikiana. Ndiyo maana nasisitiza mwalimu awepo tayari. Shule ikiajiri mtu wa muda kwa Kilatini peke yake, akiondoka mwaka wa pili wanafunzi wanabaki na somo lisilo na mwisho.

Kompyuta ni kinyume chake: mwalimu anapatikana kirahisi kidogo, ila chumba kinakula fedha, na makosa ya chumba ndiyo yanayoua somo. Nchi hii imeshaliona hilo. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 zilikuja sekondari za michepuo ya ufundi, kilimo, biashara na sayansikimu. Karakana iliyokosa vipuri na malighafi iligeuka stoo. Mtaala ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla, kwa hiyo tahadhari hiyo ina kazi upya.

Tuchukue chumba cha kompyuta mpakato 20 kwenye shule isiyo na umeme wa uhakika. Kila moja ikitumika huku inachajiwa, weka wati 40. Ishirini ni wati 800. Zikifanya kazi saa nne kwa siku, zinahitaji wati-saa 3,200. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi), nyaya, joto na betri vinapoteza kama asilimia 30, kwa hiyo gawanya kwa 0.7, unapata wati-saa 4,570. Masika ya kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, hesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku, usihesabu sita hata kama muuzaji anakuambia hivyo. 4,570 gawanya kwa 4.5 ni kama wati 1,015 za paneli. Paneli tatu za wati 350 zinafika kwa kubanana, funga nne. Kwa mfumo wa volti 24, chaja kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri) ya aina ya MPPT iwe ya ampea 60, na inveta iwe ya wimbi safi, wati 1,500 hadi 2,000.

Betri za asidi za volti 12, ampea-saa 200, nne kwa idadi, zinabeba wati-saa 9,600, lakini ni nusu tu ya kutumia. Ukizishusha chini ya nusu kila siku, hazimalizi miaka miwili. Betri moja ya lithiamu ya wati-saa 5,100 unaweza kuitumia hadi asilimia 80, na haitaki maji. Bei yake ya kununua ni kubwa, ila kwa shule isiyo na mtu wa kupima maji ya betri kila mwezi ndiyo ninayoishauri.

Paneli zielekee kaskazini, maana Kigoma na Tabora zote ziko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 5. Kwa kufuata latitudo tu ungezilaza nyuzi 5, ila zikilala hivyo vumbi linaganda chini ya fremu. Inua nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izisafishe, na kiangazi, Juni hadi Oktoba, hasa Tabora, mtu azifute kwa maji na kitambaa laini kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Kinachoua mifumo hii mashuleni mara nyingi si jua wala ubora wa betri. Ni taa za ulinzi na simu. Inveta inafungwa, wiki ya pili mtu anachomeka taa mbili za nje zinazowaka saa 12, wiki ya tatu ofisi ya walimu inavuta ekstensheni ya kuchajia simu na pasi. Betri inalala tupu kila siku, mwaka haujaisha imekufa, na lawama inamwangukia fundi. Nyaya za chumba cha kompyuta ziwe za chumba hicho peke yake, soketi zake zisitoke nje ya mlango, na taa za ulinzi zipewe paneli na betri yao ndogo.

Kompyuta za mezani za msaada nazo zina mtego. Moja ya zamani na kioo chake inakula wati 100 hadi 150, kwa hiyo ishirini zinataka wati 2,000 hadi 3,000, yaani mfumo wa sola mara tatu. Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na hata pale gridi ya Taifa ilipofika, umeme unaoshuka na kupanda unachoma pawasaplai. Na radi za upande wa ziwa ni kali: fimbo ya shaba ya kutuliza umeme, isiyopungua mita 1.2, ichimbiwe kwenye udongo wenye unyevu, na wingu likifunga, chomoa nyaya za umeme pamoja na za mtandao. Wengi wanachomoa umeme na kusahau waya wa mtandao, ambao nao unaingiza radi.

Upande wa programu: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Usizitupe. Weka diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, RAM ifike angalau GB 4, bora 8, kisha sakinisha Linux Mint yenye sura ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na ya majedwali. Hapo virusi vya flashi vinavyosumbua shule nyingi vinapungua sana. Badilisha pia kibetri cha CR2032 kwenye ubao mama. Kikifa, saa ya mashine inarudi nyuma miaka, tovuti zinakataa kufunguka, na mwalimu anadhani intaneti imekatika.

Intaneti yenyewe si ya lazima mwaka wa kwanza. Raspberry Pi moja, yaani kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye programu ya Kiwix ya kusomea tovuti bila intaneti na kadi ya GB 256 inabeba Wikipedia ya Kiingereza na picha zake, ambayo inazidi GB 100, na ya Kiswahili, na nafasi inabaki. Wi-Fi yake ya ndani huelemewa vifaa vikizidi kumi na kitu, kwa hiyo iunganishe kwa waya na ruta ya kawaida, wanafunzi waingie kupitia ruta.

Chumba kikiwa tayari, mkondo wa wanafunzi 60 hauingii kwenye mashine 20. Gawa nusu: 30 wanafanya kazi ya daftari, 30 wako kwenye mashine, wawili kwa mashine moja au mmoja mmoja, kipindi kinachofuata wanabadilishana. Wakiwa wawili, mwalimu apige meza kila dakika kumi na kipanya kibadilishe mkono. Bila hivyo mvulana yule yule anakishika kuanzia Januari hadi Desemba na msichana aliye pembeni yake anamaliza mwaka akiwa mtazamaji. Hili nalipa uzito kuliko aina ya kompyuta mtakazonunua.

Na muhula wa kwanza mashine hazihitajiki kabisa. Kata kadi tano za boksi, chora nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wasimame mbele kwa mpangilio huo, kila mmoja na kadi yake. Mwalimu anasema 21: wa 16, wa 4 na wa 1 wanaonyesha nukta, wengine wanageuza. Aliyeonyesha ni 1, aliyegeuza ni 0, darasa linasoma 10101. Baada ya vipindi vitatu wanajua kwa nini idadi kubwa kwa kadi tano ni 31, na kadi ya sita iwe na nukta ngapi. Shule inayosubiri umeme inaweza kuanza kesho asubuhi.

Kosa la walimu wengi wa kompyuta ni kulifanya somo kuwa la kuandika barua na kupaka rangi vichwa vya habari. Kidato cha pili wapewe Python, lugha ya kuandikia programu. Ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza, hilo halikwepeki, lakini majina ya ndani yanaweza kuwa ya Kiswahili, na hesabu ziwe za mazao yetu. Tuchukue asali ya Tabora:

bei = input("Bei ya lita moja: ")
print(bei * 3)

Mwanafunzi anaandika 12000, anategemea 36000, mashine inamjibu 120001200012000. Hapo somo ndipo linapoanza. Alichoingiza kimepokelewa kama maandishi, na maandishi yakizidishwa kwa tatu yanarudiwa mara tatu. Mstari wa kwanza unatakiwa kuwa `bei = int(input("Bei ya lita moja: "))`. Usimpe jibu hili haraka. Muulize mashine imefanya nini hasa, aeleze kwa maneno yake, ndipo arekebishe. Umakini wa kiishio kimoja anaouona kwenye *canem* na *canis* ni jamaa wa umakini huu, ingawa kama nilivyosema, mmoja hauzai mwingine wenyewe. Kila mmoja unafundishwa kwake.

Sasa ile kazi inayokutanisha pande mbili. Kabla shule za wakoloni hazijaeneza herufi za Kirumi, barua za biashara kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa lugha ya Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili. Tippu Tip mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi hizo. Karatasi za namna hii zikiwepo kwenye familia, zinaliwa na mchwa. Darasa lenye wanafunzi wanaosoma Kiarabu na wanaojua kompyuta linaweza kuzihifadhi kwa simu moja na kompyuta moja.

Picha kwanza. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa kila inchi inataka pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani kama megapikseli 9, kwa hiyo kamera ya simu ya megapikseli 12 inatosha. Laza karatasi kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, flashi izimwe, simu iwe sambamba na karatasi, na rula iwekwe pembeni kuonyesha ukubwa. Faili ipewe jina palepale: UJ-001-a kwa mbele, UJ-001-b kwa nyuma. Picha zilizobaki na majina ya simu zinachanganyika ndani ya wiki.

Kisha usomaji. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu fupi, Kiswahili kina irabu tano, hivyo mwandishi wa zamani hutumia alama moja kwa i na e, na nyingine kwa u na o. Mara nyingi pia huacha king'ong'o, mb ikaandikwa b. Neno linaloonekana *kuba* linaweza kuwa kumba, koba au komba. Ndiyo maana safu moja ya jedwali ibebe maandishi herufi kwa herufi, na safu ya pili usomaji uliokubaliwa, na yeyote asifute ya kwanza. Mwanafunzi wa Kiarabu anasoma kwa sauti, wa kompyuta anaandika, na mzee anayejua Kiswahili cha zamani anaamua.

Tarehe ni za Hijria, kalenda ya Kiislamu, na zigeuzwe kuwa za kalenda ya kawaida. Fomula rahisi kwenye LibreOffice ni `=A2*0.97+622`. Mwaka 1310 unatoa 1892.7, na kweli mwaka huo ulianza Julai 1892. Fomula inaweza kukosea hadi mwaka mmoja, kwa hiyo kwenye safu ya mwaka waandike yote mawili, 1892/93. Kosa la kawaida ni mwanafunzi kuandika tarehe yote ndani ya seli moja, "12 Rajabu 1310", fomula ikagoma. Siku, mwezi na mwaka vikae safu tatu.

Ruhusa ya familia iandikwe na kusainiwa kabla ya picha ya kwanza, ikitaja kama karatasi inaweza kuonyeshwa kwa watu wengine au la. Hati ya mirathi ina majina na ugomvi ambao wajukuu bado wanaishi nao. Nakala ziwe tatu: kompyuta ya shule, flashi ya familia, na diski inayokaa nje ya shule.

Kazi hii ipangwe muhula wa pili wa kidato cha tatu. Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa, cha nne wana mtihani wao, na Julai na Agosti hakuna mvua, karatasi haivuti unyevu na mwanga wa dirishani ni ule ule kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa.